Video ya mtoto wako imesambaa. Ni ya nani, na fedha anakula nani?

Chalinze. Anayesafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, Tanga au Arusha anaijua Chalinze kwa njia panda yake. Basi likisimama, madirisha yanafunguliwa na wauzaji wanakimbilia na mananasi, machungwa, korosho na maji baridi. Siku hizi mkono mmoja wa muuzaji umebeba bidhaa, mwingine umeshika simu. Abiria naye anarekodi kupitia dirishani. Kabla basi halijafika Mdaula, klipu imeshapanda mtandaoni.

Katika nyumba nyingi za Bwilingu, Msata, Lugoba na Kiwangwa, simu ndiyo jukwaa la kwanza la mtoto. Anacheza, anaimba, anaigiza sauti ya babu yake, na mama anacheka huku anarekodi. Akiposti anapata laiki 20. Siku moja, bila mtu kujua sababu, anapata laiki 20,000.

Hapo ndipo maswali yanaanza. Video ni ya nani? Wimbo uliopigwa nyuma ni wa nani? Ukurasa mkubwa ulioichukua na kuiweka kwake umeomba ruhusa kwa nani? Na kama kuna fedha, inaingia mfuko gani?

Ni maswali ya mahakamani na ya kampuni kubwa, lakini sasa yamehamia sebuleni. Mzazi asiyeyajua atakuja kuyajifunza kwa hasara.

Kijana wa jirani aliyefika India kwa simu

Ukiiacha njia panda na kufuata barabara ya kwenda Msata, unafika Lugoba. Jirani na hapo kuna kijiji cha Mindu Tulieni, nyumbani kwa Kili Paul, ambaye jina lake halisi ni Yusuf Kimesera, na mdogo wake wa kike, Neema.

Mwishoni mwa mwaka 2021, wakiwa wamevaa mashuka ya Kimasai, walianza kujulikana kwa video za kufuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi. Video iliyowapaisha ilitumia wimbo wa "Raataan Lambiyan" kutoka filamu ya Shershaah ya mwaka 2021. Wakati huo kijijini kwao hakukuwa na umeme, na ilibidi kusafiri ili kuchaji simu.

Februari 2022, ubalozi wa India jijini Dar es Salaam ulimwalika na kumpongeza. Mwezi huohuo, Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwataja Kili na Neema katika hotuba yake ya kila mwezi ya redioni na kuwasifu kwa mapenzi yao kwa muziki wa India. Leo Kili Paul anafuatiliwa na mamilioni ya watu, amesafiri mara kadhaa kwenda India na ameonekana kwenye vipindi vya televisheni vya huko.

Kwa wazazi wa Chalinze, huo ni ushahidi kwamba simu inaweza kumtoa kijana. Lakini hadithi yao ina upande ambao mtoto anayewatazama haoni.

Wimbo uliowapaisha haukuwa wao. Una mtunzi, una waimbaji, na una kampuni iliyoutoa, Sony Music India. Jukwaa nalo halikuwa lao. India iliipiga marufuku TikTok mwishoni mwa Juni 2020, kwa hiyo mamilioni ya Wahindi waliowapenda waliwaona zaidi kupitia Instagram, ambayo ni mali ya kampuni ya Meta ya Marekani. Kama serikali moja au kampuni moja ingeamua vinginevyo, mlango huo ungefungwa bila wao kuulizwa.

Walichokuwa nacho ni sura zao, lugha yao, mavazi yao na ustadi wao. Ndicho kilichowafikisha walipofika, maana wimbo uleule waliutumia maelfu ya watu wengine ambao hakuna anayewakumbuka.

Video moja, wenyewe watatu

Ili kuelewa, mzazi aiangalie video moja ya mtoto wake kama nyumba ya kupanga.

Kwanza kuna kiwanja, ambacho hapa ni programu yenyewe: TikTok, Instagram, Facebook au YouTube. Hiki ni cha kampuni. Siku uliyofungua akaunti ulibonyeza kukubali masharti. Masharti hayo husema video inabaki kuwa yako, lakini unaipa kampuni ruhusa ya kuitumia, kuionyesha na kuisambaza popote duniani bila kukulipa. Wengi hukubali bila kusoma mstari hata mmoja.

Pili kuna nyumba, yaani video yenyewe. Hii ni ya aliyeitengeneza. Kama baba alipanga tukio na kurekodi, kazi ni ya baba. Kama binti alijirekodi mwenyewe, kazi ni yake, na mzazi anaisimamia kwa niaba yake mpaka afikishe miaka 18. Anayeimba au kucheza mbele ya kamera naye ana haki zake kama mtumbuizaji, ambazo sheria inaziita hakishiriki.

Tatu kuna samani za kuazima, yaani wimbo, picha au kipande cha filamu ulichoweka ndani. Hivi vina wenyewe wengine. Unapochagua wimbo kwenye maktaba ya programu, unautumia kwa sababu kampuni ya programu imeingia mkataba na wenye muziki. Ruhusa hiyo ni ya burudani binafsi. Mama anayetangaza biashara yake ya batiki au vitumbua kwa wimbo unaotamba hayumo kwenye ruhusa hiyo. Akaunti za biashara zimewekewa maktaba zao za muziki ulioruhusiwa kwa matangazo.

Ndiyo maana video inaweza kuwa yako na bado ikanyamazishwa sauti. Nyumba ni yako, ila mwenye kitanda amekuja kukichukua.

Kampuni zikigombana, mtoto hunyamazishwa

Januari 31, 2024 mkataba kati ya TikTok na Universal Music Group, kampuni kubwa kuliko zote za muziki duniani, ulifikia mwisho bila pande mbili kuelewana. Universal ilitaka malipo bora kwa wasanii wake na ulinzi dhidi ya nyimbo zinazotengenezwa kwa akili bandia. TikTok iliona madai hayo ni ya ubinafsi.

Matokeo yake nyimbo za kampuni hiyo ziliondolewa, na video nyingi za watu wa kawaida zilizozitumia zikabaki kimya. Makubaliano mapya yalitangazwa Mei 1, 2024. Kwa miezi mitatu, mtu aliyejenga ukurasa wake juu ya nyimbo hizo alikuwa na ukurasa wa mabubu, ingawa hakuwa sehemu ya ugomvi.

Kwa YouTube hali ni tofauti kidogo. Ina mfumo uitwao Content ID unaotambua wimbo au filamu iliyosajiliwa na mwenye haki. Mwenye haki anaweza kuifungia video, kuiacha huku akifuatilia takwimu zake, au kuiacha na kuchukua fedha za matangazo. Mtoto anaweza kuona video yake ina watazamaji laki moja na asijue kuwa kila shilingi inakwenda kwa mwenye wimbo. Na akipata maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90, chaneli nzima inaweza kufutwa.

Sheria inamtambua mtu wa Chalinze

Wapo wanaodhani hakimiliki ni ya wasanii wakubwa wenye mameneja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haisemi hivyo. Kazi inalindwa kwa sababu tu imetengenezwa. Wimbo aliotunga kijana wa Miono akichunga ng'ombe, picha aliyopiga binti wa Saadani, hadithi aliyoandika mwanafunzi wa Lugoba, zote zina ulinzi tangu zilipoumbwa. Ulinzi huo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake ni urithi, kama shamba.

Kusajili kazi katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, hakuzalishi haki hiyo. Kunachozalisha ni ushahidi, na ushahidi ndio unaokosekana ugomvi unapoanza.

Historia ya ukanda huu ina mfano mchungu. Wimbo wa "Malaika" umeimbwa duniani kote, na miongoni mwa waliourekodi ni Miriam Makeba wa Afrika Kusini na kundi la Boney M. la Ujerumani. Fadhili William wa Kenya, aliyefariki mwaka 2001, aliurekodi na kujulikana kama mwenyewe. Adam Salim naye alidai kwamba ndiye aliyeutunga. Mabishano hayo yamewazeesha wote waliokuwa karibu nayo, na hadi leo wapenzi wa muziki wanabishana. Karatasi moja yenye tarehe na sahihi ingetosha kuyamaliza.

Walioshitaki na wakasikilizwa

Mfano wa pili ni wa Watanzania wawili. Wasanii AY, yaani Ambwene Yessayah, na MwanaFA, yaani Hamis Mwinjuma, waligundua kwamba nyimbo zao mbili, "Usije Mjini" na "Dakika Moja", zilikuwa zikitumika kama miito ya simu, ile sauti anayoisikia mpigaji badala ya mlio wa kawaida. Mteja hukatwa fedha kwa huduma hiyo. Wao walisema hawakutoa idhini.

Waliishitaki kampuni ya simu ya Tigo. Mwaka 2016, Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliwapa ushindi na kuamuru walipwe zaidi ya Sh bilioni 2. Kampuni ilikata rufaa, na shauri likaendelea kwa muda mrefu baada ya hapo. MwanaFA baadaye alikuwa mbunge wa Muheza, na mwaka 2023 akateuliwa naibu waziri katika wizara inayosimamia sanaa.

Kuna mambo mawili ya kujifunza hapo. La kwanza ni kwamba mahakama ya Tanzania ilikubali kusikiliza wasanii dhidi ya kampuni kubwa. La pili ni kwamba iliwachukua miaka, mawakili na uvumilivu ambao familia nyingi hazina. Kwa mtu wa kawaida, kinga ni nafuu kuliko kesi.

Fedha inaingiaje, kama inaingia

Hapa ndipo vijana wengi hudanganyika. Wafuasi si mshahara. TikTok ina mpango wa kulipa watengeneza maudhui kwa idadi ya watazamaji, lakini umefunguliwa kwa nchi chache tu kama Marekani, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Japani na Brazil. Kijana wa Tanzania anaweza kupata watazamaji milioni moja na mpango huo usimhusu. Anachobaki nacho ni zawadi za laivu, matangazo ya wafanyabiashara na mialiko. Na tangu Novemba 2022, TikTok inataka anayerusha laivu awe ametimiza miaka 18.

YouTube hulipa Watanzania waliokubaliwa katika mpango wake. Ili mtu apate mgawo wa matangazo anatakiwa awe na wafuatiliaji 1,000, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au mara milioni 10 za kutazamwa kwa video fupi ndani ya siku 90. Kwa video ndefu, mtengenezaji hupata asilimia 55 ya fedha za matangazo. Kwa video fupi hupata asilimia 45 ya fungu lake.

Katika video fupi, muziki una hesabu yake. Video ikitumia wimbo mmoja wa mtu, nusu ya fedha inayohesabiwa kwa video hiyo hutengwa kulipia muziki kabla fungu la watengenezaji halijagawanywa. Ikitumia nyimbo mbili, theluthi mbili hutengwa. Isipotumia wimbo wa mtu, yote huingia kwenye fungu la watengenezaji.

Kwa maneno mengine, sauti ya mtoto mwenyewe, ngoma ya babu yake wa Kikwere au hadithi ya bibi haihitaji kutengewa fedha ya muziki wa mtu mwingine.

Hata njia ya zamani ya mirabaha haijaneemesha wengi. Januari 2022, COSOTA iligawa takriban Sh milioni 312 kwa wasanii zaidi ya 1,000. Ukigawanya sawasawa, kila mmoja anapata kama laki tatu hivi. Ni fedha ya halali na ni hatua, lakini haiwezi kumwachisha mtu shule.

Shuka nalo lina bei

Kuna mali nyingine ambayo familia nyingi za Chalinze huivaa bila kuihesabu. Shuka, shanga na jina la Wamasai vimetumiwa na kampuni za nje kuuza nguo, magari na mapambo. Katika mavazi yake ya kiume ya mwaka 2012, kampuni ya Louis Vuitton ya Ufaransa ilionyesha nguo na mitandio iliyofanana na mashuka ya Kimasai.

Baadhi ya wazee wa Kimasai wa Kenya na Tanzania waliungana katika mpango uitwao Maasai Intellectual Property Initiative, wakidai kampuni ziombe ruhusa na kulipa. Kampuni ya nguo ya Uingereza, Koy Clothing, ilikubali kulipa ada ya leseni. Fedha hiyo si kubwa kwa kampuni. Uzito wake uko katika kukiri kwamba utamaduni una wenyewe.

Kwa mzazi, maana yake ni rahisi. Mtalii, mpiga picha au kampuni ikitaka kumrekodi mtoto akiwa na mavazi au ngoma ya kwao kwa ajili ya tangazo, hiyo ni kazi. Kazi ina mkataba na ina malipo.

Pale picha ya mtoto inapouza dawa

Tuchukue mfano wa familia ya kufikirika inayoishi Bwilingu. Mtoto ana miaka tisa, ni mcheshi, anajua kuigiza makondakta wa mabasi. Mama anaposti. Asubuhi mtoto anaamshwa na dada yake: "Amka, umekuwa staa!" Video iko kwenye ukurasa wenye wafuasi laki tano. Jina lake halijatajwa. Chini yake kuna tangazo la dawa ya kuongeza hamu ya kula kwa watoto.

Mama anajisikia fahari kwanza. Jirani anapomuuliza kama kweli mtoto wake alitumia hiyo dawa, fahari inageuka hofu. Mtoto hajawahi kuionja. Sasa sura yake ndiyo shahidi wa bidhaa ambayo hakuna nyumbani anayejua imetengenezwa na nini, na kuna mzazi mwingine huko Kahama au Mtwara anayekwenda kumnunulia mwanawe kwa kuamini alichokiona.

Hapo kuna makosa mawili kwa pamoja. Kuna kuchukua kazi ya mtu bila ruhusa, na kuna kutumia taarifa za mtoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, na kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupokea malalamiko. Mama wa mfano wetu hana sababu ya kuomba ukurasa huo kwa unyenyekevu. Ana haki ya kudai video iondolewe.

Umaarufu na mwili wa mtoto

Umaarufu pia huufikia mwili. Mei 2022, Kili Paul alieleza kupitia Instagram kwamba alivamiwa na watu watano, akapigwa kwa fimbo na kujeruhiwa kwa kisu hadi akashonwa nyuzi. Alikuwa mtu mzima. Mtoto ambaye jina la shule yake na njia anayopita vinaonekana kwenye video hana hata uwezo wa kujitetea.

Kuna madhara ya kimyakimya pia. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa usiku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Mtoto anayesubiri laiki saa sita usiku anakopa usingizi, na deni hilo hulipwa darasani: kusinzia, hasira za haraka, kusahau. Mzazi aangalie dalili hizi: mtoto anaficha simu, anakula kidogo siku ambayo video "haijatembea", analia kwa maoni ya watu asiowajua, au anakataa kurekodi na watu wazima wanamlazimisha. Hiyo ya mwisho si mchezo tena. Ni kazi ya mtoto.

Ufaransa ilitunga sheria Oktoba 2020 inayotaka sehemu ya mapato ya watoto wa chini ya miaka 16 wanaofanya kazi ya video mtandaoni ihifadhiwe kwa ajili yao mpaka wakue. Jimbo la Illinois la Marekani lilifuata, na sheria yake ilianza Julai 1, 2024. Zote mbili zimejengwa juu ya wazo moja, kwamba sura ya mtoto ikileta fedha, fedha hiyo ni ya mtoto kabla ya kuwa ya nyumba.

Mzazi wa Chalinze hahitaji kusubiri bunge kwa hilo. Akaunti ya mtoto benki inatosha kuanzia.

Mzazi afanye nini

Hifadhi video ya awali. Ile iliyo kwenye simu, kabla ya kuongezwa maandishi na muziki, ndiyo ushahidi wako. Ina tarehe na saa. Itume kwenye barua pepe yako au ihifadhi kwenye kadi, maana simu huibwa na huanguka majini.

Weka jina ndani ya video. Lisiwe jina kamili la mtoto wala la shule yake. Jina la ukurasa linatosha. Liweke katikati kidogo, mahali ambapo haliwezi kukatwa kirahisi.

Tumia sauti yenu. Mtoto aimbe mwenyewe, apige ngoma, asimulie. Kama ni lazima kutumia wimbo wa mtu, tumieni maktaba ya programu, na kwa biashara tumieni nyimbo za akaunti za biashara tu.

Sajili kazi ya maana. Mtoto akitunga wimbo, shairi au igizo ambalo mnaona lina mwelekeo, lipelekeni COSOTA. Andikeni nani alitunga, nani aliimba, nani alirekodi, na mgao wa kila mmoja. Hata kama ni ndugu. Hasa kama ni ndugu.

Ripoti aliyechukua. Piga picha ya skrini inayoonyesha ukurasa, tarehe na idadi ya watazamaji kabla hajafuta. Kisha tumia fomu ya hakimiliki iliyo ndani ya programu. Ni bure, na kwa kawaida haihitaji wakili. Usimlipe mtu anayedai atakurudishia video kwa ada.

Usisaini haraka. Meneja akija na mkataba, uliza mambo manne: ni wa muda gani, nani anamiliki akaunti na nywila, asilimia ngapi inakwenda kwa nani, na mnatokaje mkichoshwa. Anayekuharakisha usisome ana sababu yake. Mpe mwalimu, wakili au ndugu anayeelewa akausome kwanza.

Shika funguo mwenyewe. YouTube hulipa kupitia akaunti ya mtu aliyetimiza miaka 18, kwa hiyo jina la mzazi ndilo litakaloonekana. Mweleze mtoto ni kiasi gani kimeingia na kimekwenda wapi. Mtoto anayefichwa mapato yake leo ndiye atakayekushitaki kwa wajomba zake kesho.

Kumbuka umri. TikTok, Instagram na YouTube zinataka mwenye akaunti awe na angalau miaka 13. Chini ya hapo, akaunti iwe ya mzazi, simu iwe ya mzazi, na saa ya kuizima iwe ya mzazi.

Na muulize mtoto. Kabla ya kuposti, muulize kama anataka. Akisema hapana, ni hapana, hata kama video inachekesha.

Kwenye njia panda ya Chalinze, muuzaji wa mananasi hampi abiria tunda kabla hajaona noti, hata basi likiwa limeanza kuondoka. Anajua likishapita Mdaula hatalipata tena. Mtoto anayejifunza hivyo kuhusu nanasi la Kiwangwa anaweza kujifunza hivyohivyo kuhusu sauti yake, uso wake na wimbo alioutunga mwenyewe. Anachohitaji ni mtu mzima wa kumfundisha, na somo linaweza kuanza leo jioni, kwa kuikagua simu ya mama na kuhifadhi zile video ambazo hazijafutwa.